Mwanao anaachwa nyuma darasani? Jinsi ya kupata msaada katika shule ya mtaani kwenu

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa Tanzania Bara ambaye mtoto wake yuko shule ya msingi ya serikali na kuna kitu hakiendi. Pengine amefika darasa la tatu na bado hajui kusoma. Pengine haoni ubaoni, hasikii vizuri, hatulii, hazungumzi, au alizaliwa na ulemavu ambao mtaa mzima unauona isipokuwa ratiba ya shule. (Zanzibar ina wizara yake ya elimu na utaratibu wake, na elimu ya kuwasomesha watoto wote pamoja, ambayo huku tunaiita elimu jumuishi, wenyewe husema elimu mjumuisho. Hatua nyingi za hapa zitafaa huko pia, ila majina ya ofisi ni mengine.)

Mimi ni mwalimu wa elimu maalum. Wazazi wengi wanaofika kwetu huanza na swali lile lile: "Mwalimu, kuna shule gani ya watoto wa namna hii?" Jibu langu huwaudhi kidogo. Shule ni hiyo hiyo anayosoma sasa, mpaka ithibitike vinginevyo. Shule maalum ni chache, nyingi ziko mbali, na mtoto anaweza kukaa nyumbani muda mrefu akisubiri nafasi huku wenzake wakisonga. Sheria nayo imekaa upande huo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, kifungu cha 27, inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalum. Kwa hiyo usiende shuleni kinyonge.

Lakini usiende mikono mitupu pia. Ofisi zetu zinasogezwa na karatasi, na karatasi ya kwanza unaiandika wewe.

Hatua ya 1: Andika unachokiona

Tafuta daftari dogo. Kwa wiki mbili hivi andika, kwa tarehe, mambo ambayo mtoto anayafanya au anashindwa kuyafanya. Usiandike "mzito", "mvivu", "hana akili" wala "kachezewa". Hayo ni maoni, na mwalimu ana ya kwake. Andika hivi: "Jumanne. Nimemwambia alete kijiko na kikombe, kaleta kijiko tu. Nimerudia akiwa ananitazama, kaleta vyote." Sentensi hiyo moja inamwambia mtaalamu mengi. Huenda tatizo ni masikio, huenda ni kumbukumbu, lakini kuelewa anaelewa.

Kwa upande wa kusoma kuna mtego ambao umewanasa wazazi wengi. Mtoto anafungua kitabu cha darasa la pili, anasoma ukurasa mzima bila kukwama, baba anafurahi. Kumbe hadithi ameisikia darasani mara nyingi wakiimba pamoja na ameishika kwa moyo. Mjaribu hivi: weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari, muulize hili ni neno gani. Kisha ruka juu, kisha chini. Akianza kusoma kutoka mwanzo wa sentensi ili alifikie neno ulilomwonyesha, hasomi, anaghani. Usimgombeze. Andika tu.

Akiweza kusoma kidogo, angalia anakosea wapi. Je, anachanganya b na d kila mara au siku moja moja? "Mbuzi" anaisoma "buzi" na "ndizi" anaisoma "dizi"? Hapo sauti mbili zinazokaa pamoja ndizo zinampiga chenga. Anaruka silabi ya mwisho? Anasoma sawa ila ukimuuliza hadithi ilihusu nini hajui? Kila moja ina dawa yake, na mwalimu mwenye watoto tisini darasani hajapata nafasi ya kumsikiliza wako peke yake hata dakika tano. Wewe unayo.

Ongeza na historia fupi. Alipozaliwa alilia mara moja au alichelewa? Alianza kutembea na kusema akiwa na umri gani? Aliwahi kulazwa kwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo au degedege? Kadi ya kliniki ina majibu ya maswali kadhaa, itafute hata kama imechanika. Hesabu pia siku alizokosa shule muhula huu. Mtoto mwenye selimundu (sickle cell), kwa mfano, anaweza kuonekana mzito kumbe kila mwezi anapoteza wiki nzima kitandani, na hakuna aliyewahi kumrudishia masomo hayo.

Na lugha ya nyumbani iandike. Mtoto aliyekulia kwa Kisukuma au Kimaasai, akaingia darasa la kwanza ambako kila kitu ni Kiswahili, anajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: herufi na lugha yenyewe. Huyo anahitaji muda na maneno zaidi. Kumpa jina la ulemavu ni kumwonea.

Hatua ya 2: Macho, masikio na afya kabla ya yote

Nasisitiza hatua hii kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayorukwa.

Macho kwanza. Muombe mwalimu ruhusa wakati wa mapumziko. Aandike ubaoni herufi tano kwa ukubwa ule ule anaoutumia kila siku, mwanao akae dawati la nyuma, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, asome. Kisha jicho la pili. Mtoto mwingine wa darasa lake akae hapo hapo naye asome, upate wa kumlinganisha naye. Kama hajajua herufi, chora E kubwa ikiangalia kulia, kushoto, juu na chini, yeye aonyeshe kwa vidole upande ambao miguu ya E inaelekea. Asipoona ambacho mwenzake anakiona, mpeleke hospitali yenye kliniki ya macho. Dalili nyingine: anakunja uso akitazama mbali, anainamisha kichwa upande mmoja, ananakili kutoka kwa jirani badala ya ubao halafu anapigwa kwa "kuibia".

Mtoto mwenye ualbino usisubiri hata kumjaribu. Chukulia kwamba uoni wake ni hafifu na anasumbuliwa na mwanga. Akae mbele, mbali na dirisha linalopiga jua, avae kofia pana hata mstarini asubuhi (hapa walimu wengine huleta ubishi wa sare, usikubali), na apate losheni ya kukinga jua. Ipo inayotengenezwa Moshi, Kilisun, kwa ajili yao hasa.

Masikio. Simama nyuma yake hatua tatu hivi, asikuone midomo, useme kwa sauti ya kawaida kitu anachokipenda: "Kuna maandazi jikoni." Rudia siku nyingine kwa sauti ya chini. Sikio linalotoa usaha ni jambo la kutibiwa, wala si "utoto tu". Likitoa kwa wiki mbili au zaidi limekuwa sugu na linaweza kumpunguzia usikivu. Usimwagie mafuta, maji ya majani wala dawa ya jirani. Zahanati wataanza, na ikibidi watakuandikia rufaa.

Kisha kuna lile la kuduwaa. Mtoto anakatika katikati ya sentensi, macho yamekodoa, ukimwita hajibu, baada ya sekunde chache anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikitokea mara nyingi kwa siku, anapoteza vipande vya somo bila mwenyewe kujua. Darasani ataitwa mwota ndoto. Hospitali wanaweza kukuambia ni aina ya kifafa, na kifafa kina dawa. Kama una simu yenye kamera, mrekodi akiwa katika hali hiyo. Daktari ataelewa haraka kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anayechelewa kusema, au anayeonyesha dalili za usonji, omba rufaa kwenda hospitali yenye huduma za utengamao, yaani mazoezi na tiba za kumsaidia kutumia mwili na kuwasiliana. CCBRT Dar es Salaam, Muhimbili na KCMC Moshi ndizo zinazotajwa zaidi, ila anza na hospitali ya wilaya, kwa sababu ya rufaa na kwa sababu ya nauli. Kila karatasi utakayopewa, piga nakala.

Sasa sikiliza: usisubiri karatasi za hospitali ndipo uende shuleni. Hatua ya tatu na ya nne zinaweza kuanza wiki hii hii.

Hatua ya 3: Onana na mwalimu wa darasa, na umwone vizuri

Usimvamie mlangoni saa moja na nusu asubuhi wakati watoto wanaingia. Tuma ujumbe, au mwandikie kikaratasi, umwombe dakika ishirini baada ya vipindi. Mwalimu wa darasa ndiye atakayebeba kazi yote, na ukimkosea heshima ukaanzia kwa mwalimu mkuu utakuwa umejinunulia adui kabla hujapata rafiki.

Namna ya kuanza ina uzito. "Mwalimu, mbona mwanangu hajui kusoma?" inamfanya ajitetee. Jaribu: "Mwalimu, pole na kazi. Nimekuja tusaidiane. Nyumbani nimeona mambo haya matatu, nikasema nikuulize wewe unayekaa naye kutwa, darasani unaonaje?" Fungua daftari lako. Nyamaza. Atasema mengi ambayo huyajui: anakaa na nani, anachangamka somo gani, anasinzia saa ngapi, anachekwa na nani.

Muulize pia kama shule ina mwalimu yeyote aliyesomea elimu maalum. Wapo waliopitia Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, au waliosoma chuo kikuu, halafu wakapangiwa shule ya kawaida kufundisha Sayansi. Wako kimya kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Hatua ya 4: Kubalianeni mambo matatu ya kujaribu

Hapa ndipo msaada wenyewe ulipo, na hapa ndipo wazazi hukata tamaa mapema kwa kudhani msaada ni vifaa. Ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa chini ya elimu bila ada ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake ilitengwa kwa vitabu. Ukienda na orodha ya vifaa vya laki tano, mazungumzo yamekwisha. Nenda na maombi yasiyo na gharama, yasizidi matatu, mkayajaribu kwa wiki sita.

Haya ndiyo ninayoyaona yakifanya kazi.

Mahali pa kukaa. Mtoto mwenye usikivu hafifu akae mbele, upande ambao sikio lake zuri linaelekea kwa mwalimu, na mwalimu asiongee akiwa amegeukia ubao. Mtoto asiyetulia akae mbele pia lakini mbali na mlango. Mtoto wa kiti cha magurudumu apewe meza ambayo magoti yanapita chini yake. Fundi wa mtaani anaweza kukata na kuinua dawati la zamani kwa gharama ndogo.

Kunakili ubaoni. Hili ndilo linalokula muda wa watoto wengi wenye shida ya kusoma. Anatazama ubao, anashika herufi mbili, anashuka daftarini, anapotea, anapanda tena. Kengele inalia ana mistari miwili. Mwalimu akubali anakili maswali matano badala ya kumi, au jirani amwandikie maswali naye ajibu. Kinachopimwa ni Hisabati, si mwandiko. Walimu wengi wana vishikwambi (tablet) walivyopewa na serikali baada ya sensa ya 2022, na kwa mwenye uoni hafifu, ukurasa uliopigwa picha na kukuzwa kwenye kishikwambi ni kitabu kipya kabisa.

Karatasi yenye dirisha. Chukua kipande cha boksi, kirefu kidogo kuliko mstari wa kitabu. Katikati toboa nafasi nyembamba yenye urefu wa mstari mmoja wa kitabu. Mtoto anakiweka juu ya ukurasa, anaona mstari mmoja tu, akimaliza anateremsha. Tengeneza na kingine chenye kidirisha cha neno moja. Macho yanayorukaruka mistari yanatulia. Nimeona watoto wakigombea hivi vidude hata wasiovihitaji, kwa hiyo tengeneza vya kutosha ili wako asionekane wa ajabu.

Silabi mezani. Kata kadi kutoka maboksi ya sabuni, uandike ba, be, bi, bo, bu na nyingine, kisha mwache ajenge maneno kwa mikono: ba-ba, bi-bi, ba-bu. Zile ngumu, mb, nd, ng', ny, mw, zije baadaye, moja baada ya moja, na kila moja na picha yake: mb na mbuzi, ng' na ng'ombe. Kwa kuhesabu tumia visoda na vijiti. Vijiti kumi vifungwe kwa mpira kuwa fungu moja. Mtoto anayeshindwa kuelewa 34 kwa maelezo anaielewa akishika mafungu matatu na vijiti vinne.

Kujibu kwa mdomo. Mwalimu akiwa na shaka kama mtoto anajua au hajui, amuulize kwa mdomo maswali yale yale ya jaribio. Akijibu vizuri, tatizo liko kwenye kuandika, na maksi zake za sasa hazisemi ukweli.

Rafiki wa dawati. Mtoto mmoja mtulivu, aliyechaguliwa na mwalimu, wa kumkumbusha ukurasa na kumwambia kengele imelia. Asiwe mdogo wake wa damu, na asiwe yule mjuaji anayejibu kila kitu.

Baada ya wiki sita rudini na daftari. Kilichosaidia kiendelee. Kisichosaidia kiachwe, jaribuni kingine. Muombe mwalimu aandike aya moja ya alichojaribu na kilichotokea. Aya hiyo ina thamani kubwa katika hatua inayofuata.

Nyumbani nawe fanya robo saa kila siku, wakati mmoja, redio imezimwa. Isizidi hapo. Saa mbili za kumkalisha mtoto aliyechoka, na fimbo pembeni, zinamfundisha kuogopa kitabu. Tuisheni ya watoto hamsini kwenye banda la jirani nayo kwa mtoto wa namna hii ni pesa inayopotea.

Hatua ya 5: Omba upimaji kwa barua

Kama wiki sita zimepita na pengo ni lile lile, au kama ulemavu ulikuwa wazi tangu mwanzo, andika barua kwa mwalimu mkuu. Kila halmashauri ina ofisi ya elimu ya awali na msingi, na ndani yake huwa kuna afisa anayeshughulikia elimu maalum. Barua yako ipite kwa mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata ndipo imfikie huyo. Ukiruka ngazi utarudishwa chini.

Barua iwe fupi:

Mwalimu Mkuu, Shule ya Msingi (jina), S.L.P. (namba).
YAH: OMBI LA UPIMAJI WA MAHITAJI MAALUM YA MWANANGU (jina kamili), DARASA LA (…)
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa. Tangu (mwezi, mwaka) tumeona kwamba (mambo matatu, kwa kifupi). Mwalimu wa darasa amejaribu (marekebisho) kwa wiki sita, na matokeo yake yameambatanishwa. Naomba ofisi yako imwasilishe kwa Afisa Elimu Maalum wa Halmashauri ili apimwe na tushauriwe juu ya namna bora ya kumfundisha.
Nakala: Afisa Elimu Kata.

Ambatanisha nakala ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, karatasi za hospitali na ile aya ya mwalimu. Peleka barua mbili zinazofanana. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa shule na tarehe ya kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri, miezi mitatu baadaye, itakuwa haijawahi kufika.

Siku ya upimaji mtoto ale, alale vizuri usiku wa kuamkia, aje na miwani au shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia) kama anavyo. Huu si mtihani wa kufaulu wala kufeli. Watazungumza nawe, watamwangalia anavyocheza, anavyoshika kalamu, anavyofuata maelekezo, na watampa kazi za kusoma, kuandika na kuhesabu. Usimjibie. Wazazi huwa na kiherehere hapa: mtoto anaulizwa jina, mama anajibu. Kabla hujaondoka omba ushauri kwa maandishi, unaotaja mtoto anahitaji nini darasani. Jina la tatizo peke yake halimsaidii mwalimu wa darasa la tatu.

Hatua ya 6: Darasa la kawaida, kitengo, au shule maalum

Ushauri unaweza kuwa abaki pale alipo na marekebisho yaendelee. Kwa watoto wengi hilo ndilo sahihi.

Unaweza kuwa aende shule ya kawaida yenye kitengo cha elimu maalum, yaani darasa lenye watoto wachache na mwalimu aliyesomea, ndani ya uzio mmoja na wengine. Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam inajulikana kwa hilo siku nyingi. Mwisenge ya Musoma, aliyosoma Mwalimu Nyerere, nayo imekuwa ikipokea wanafunzi wasioona. Muulize afisa vitengo vya wilaya yenu viko wapi, maana vipo ambavyo hata majirani wa shule hawavijui.

Au shule maalum: kwa mtoto kiziwi anayehitaji kuishi katikati ya Lugha ya Alama, kuna shule kama Buguruni Viziwi na Tabora Viziwi. Kwa asiyeona anayepaswa kujifunza nukta nundu (maandishi ya kusoma kwa vidole) kuanzia mwanzo, Buigiri ya Dodoma. Kwa mtoto kiziwi msimamo wangu ni mkali zaidi. Kumweka darasa la kawaida ambalo hakuna hata mtu mmoja anayejua alama, eti ni ujumuishi, ni kumfungia peke yake katikati ya watu. Huyo ndiye sheria ilimfikiria ilipotaja mawasiliano maalum.

Kabla ya kukubali kitengo au shule yoyote, nenda siku ya kawaida bila kutangaza. Angalia choo: kiti cha magurudumu kinaingia, mlango unafungika kwa ndani, kuna maji? Angalia watoto wako darasani wakifanya kazi au wamekaa tu wakisubiri uji. Uliza wanachanganyika na wengine masomo gani, hata kama ni michezo na kuimba. Ukikuta wamefungiwa chumba cha mwisho kutwa nzima, hicho ni kituo cha kulelea.

Bweni ni uamuzi mzito. Kwa mtoto wa miaka sita au saba asiyeweza kueleza aliyotendewa, ningeuogopa, labda kama hakuna njia nyingine kabisa. Uliza usiku analala na nani, mlezi mmoja anatunza watoto wangapi, dawa za kifafa anazigawa nani, na utaruhusiwa kuja lini. Swali la mwisho likijibiwa kwa kusitasita, chukua begi urudi na mwanao.

Hatua ya 7: Mitihani ya Taifa, usikumbuke dakika za mwisho

Wazazi hufika mwezi wa mtihani wakiuliza kama mtoto anaweza kuongezewa muda. Anaweza, ila hilo hupangwa wakati wa usajili. Utaratibu wa Baraza la Mitihani unatoa kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa mtihani wa Hisabati wa saa moja na nusu, hiyo ni nusu saa nzima. Wenye uoni hafifu hupata karatasi ya maandishi makubwa, na wasioona hupata ya nukta nundu.

Yote yanategemea shule kumsajili mtoto kwa aina yake ya hitaji. Kwa hiyo mwanzoni mwa darasa la nne, na tena mwaka wa mtihani wa kumaliza, nenda kwa mwalimu wa taaluma umuulize waziwazi: "Kwenye taarifa za usajili, mwanangu ameandikwa ana hitaji gani?" Omba akuonyeshe. Kama ameandikwa kama mwanafunzi wa kawaida, siku ya mtihani msimamizi hawezi kumwongezea hata dakika moja, na atakuwa hajakosea.

Mtoto azoee nyongeza hiyo mapema, kwenye majaribio ya shule. Asiyewahi kupewa muda zaidi hajui kuutumia. Anamaliza na wenzake, anakaa anatazama dari.

Hatua ya 8: Shule ikikataa

Kukataliwa mara nyingi hakuji kwa neno "hapana". Kunakuja kama "subiri mwakani", "hatuna mwalimu wa hao", au "mlete akishajua kujisaidia mwenyewe". Jibu kwa upole: "Sawa mwalimu, naomba uniandikie hivyo niende nayo kwa Afisa Elimu Kata." Wengi hutafuta nafasi hapo hapo.

Ikishindikana, panda ngazi kwa barua: Afisa Elimu Kata, ofisi ya elimu ya awali na msingi ya halmashauri, kisha Mkurugenzi Mtendaji. Afisa Ustawi wa Jamii ni mwenzako katika hili, hasa mtoto akiwa amefichwa ndani, anapigwa au ananyimwa chakula. Kamati ya shule ina wawakilishi wa wazazi, waulize ni akina nani. Vyama navyo vinajua njia kuliko sisi: SHIVYAWATA ndilo shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, CHAVITA ni chama cha viziwi, TLB ni cha wasioona. Na mambo yakikwama kabisa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya mwananchi yeyote.

Michango ya chakula na mingineyo izungumze mapema na kamati ya shule kama hali ni ngumu. Hakuna ada ya kukaa darasa la elimu maalum katika shule ya serikali, na anayekudai fedha ya "upimaji" mkononi bila risiti, mwache, na fedha yako uondoke nayo.

Hatua ya 9: Akichaguliwa kwenda sekondari

Shule mpya haimjui. Walimu kumi watamfundisha na hakuna hata mmoja aliyemwona akiteremsha karatasi yenye dirisha. Lugha ya kufundishia nayo inageuka Kiingereza, na mtoto ambaye kusoma Kiswahili kulimgharimu miaka ataanza tena upya. Usisubiri matokeo ya muhula wa kwanza. Wiki ile ya kuripoti, mwombe mwalimu wa msingi barua ya ukurasa mmoja: hitaji lake, marekebisho yaliyofanya kazi, nyongeza ya muda aliyopewa. Mpe nakala mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma na mwalimu wa malezi. Mwanao naye awe na yake, na kabla hajaondoka nyumbani afanye mazoezi ya kuisema kwa mdomo, kwa maneno yake: "Mwalimu, mimi naona vizuri nikikaa mbele. Naomba nikae hapa."